Kashe ya Kabange

Mama Nsenga wa Bukama amezikwa. Habari ilifika kwa simu ya mjukuu wangu nikiwa nachekecha unga wa muhogo, na mjukuu akauliza, "Kambo," ndivyo wanavyoita bibi, "huyu alikuwa nani kwako?" Nikamjibu, "Aliniibia." Halafu nikasikia neno lenyewe halikai vizuri mdomoni, nikasema, "Hapana, alinichungia kitu." Hilo nalo halikukaa. Mtoto akacheka, akasema kambo amezeeka, mwizi na mlinzi amewafanya mtu mmoja. Nikamwacha acheke. Lakini tangu siku ile mwaka ule umenikalia kooni, kwa hiyo nimechukua kalamu. Mniwie radhi kwa mwandiko, mimi kalasi niliishia ya tatu. Masista walinifundisha kusoma na kushona, kuandika nilijifunza kwa kubandika majina ya wateja juu ya vikapu vya sabuni.

Mwaka ule vita ya pili, hii ya siku zetu, si ile ya Wazungu, ilikuwa imeingia. Kamina kwetu risasi hazikulia sana, lakini ndege za basoda, ndio wanajeshi, zilikuwa zikishuka kule bezi, kambini kwao, mchana kutwa, zikipita chini, mpaka vifuniko vya masufuria vinatetemeka juu ya rafu na kuimba vyenyewe. Mtu anazungumza, ndege inapita, mdomo unaendelea kwenda bila sauti, halafu sauti inarudi katikati ya neno jingine. Tulizoea. Mambo mengi tuliyaona kwa namna ile, midomo inakwenda na hatusikii. Watu walikuja kutoka kaskazini kwa miguu, wakiwa na magodoro vichwani, na kila aliyefika alitaka vitu vitatu: maji, bukari, yaani ugali, na sabuni. Mimi nilikuwa na sabuni. Basoda nao walitaka sabuni. Nakumbuka mmoja, mgeni kabisa, hajui hata Kiswahili, alikuwa akinusa kipande changu na kufumba macho kabla ya kununua, kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto wake.

Sabuni niliipikia chumba cha nyuma cha lupango letu, ua wetu na nyumba zake. Kilikuwa chumba cha giza, ukuta umefanya ngozi ya mafuta, ukiegemea unabaki na alama mgongoni. Pipa lililokatwa nusu lilikaa katikati, mafuta mekundu ya ngazi, yaani mawese, ndani yake, na soda kali nilimimina mwenyewe, nikikoroga na mwiko mrefu upande mmoja tu. Siri yangu ya kwanza ilikuwa majani ya sinda, ile tunayotia katika chai. Niliyachemsha mpaka maji yawe ya kijani, ndiyo nikatumia. Siri ya pili ilikuwa kulala. Sabuni lazima ilale juu ya mbao mpaka ukiigusisha ulimi isikuume. Wengine walikuwa wakiuza ingali moto, maana njaa haijui kungoja. Mimi nilingoja. Shangazi yangu Ngoie, ambaye tuliishi naye, alikuwa akinicheka: "Wee unalaza sabuni kama watoto! Utaiimbia pia?" Na mimi nilikuwa nikiiimbia kweli, lakini hilo sikumwambia.

Sasa inabidi niseme jambo la jina langu, maana bila hilo hamtafahamu. Mimi ni Kyungu. Kwetu Baluba jina hilo ni la mapasa, ndio wale wengine wanaita mapacha: anayetoka tumboni kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Kabange wangu alirudi tungali tunanyonya. Nasema alirudi, sisemi alikufa; mapasa hafi, na hakuna kulia msiba wake, ukilia anamvuta mwenzake. Basi nilikua nikihesabiwa wawili. Nikinunuliwa kikwembe, kipande kinakatwa cha Kabange. Bukari ikipakuliwa, tonge la kwanza linawekwa pembeni ya mbabula, jiko la makaa, na hakuna anayelitazama. Hata sabuni, kipande cha kwanza cha kila pipa kilikuwa chake, nakiweka kizingitini, asubuhi hakipo. Panya wanapenda mafuta, najua. Lakini mtu akikuuliza nani alichukua, hujibu panya.

Alama yangu kwa hiyo ilikuwa miviringo miwili inayogusana. Nilimwendea Papa Ilunga, mchongaji wa vinu na viti nyuma ya soko, anichongee kashe, muhuri wa mti wa kupigia sabuni alama. Alikuwa mzee wa maneno machache, miguu yake imejaa vumbi la mbao hadi magotini, utafikiri amevaa soksi. Aliponipa ile kashe niliona mviringo mmoja umepasuka ukingoni, kama jino lililovunjika. "Kisu ilinitoroka," akasema. "Acha. Ndiyo mukono yangu ile, hakuna muntu ataiga." Halafu akaniuliza, "Na weye utabeba moja tu?" Nikasema moja inatosha, pipa ni moja na mkono ni mmoja. Mkewe, Mama Nsenga, alikuwa kwa mlango anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaona mtwango umesimama juu. Walitazamana mke na mume, na mzee akarudi kwa kinu chake bila kuniaga. Nilidhani nimekosea heshima ya bei. Mwaka uliofuata mzee akafariki, na vita ilipoingia basoda walikaa katika lupango lao; mama yule akaenda kwa kaka zake, hatukujua wapi.

Mtu wa kwanza kuniletea habari ya sabuni nyingine alikuwa Papa Ramazani. Huyu ni wa zile familia za Waislamu zilizotoka Maniema zamani, wafanya biashara baba na babu, alikuwa akichukua sabuni yangu kwa treni mpaka Bukama na kurudi na samaki wa kukausha. Alikuja saa sita ya mchana, akakataa kukaa. Alitoa kipande cha sabuni mfukoni, kimefungwa katika leso, akakiweka mezani polepole.

"Dada, hii nimeinunua Bukama."

"Ni yangu."

"Alama ni yako. Lakini wallahi, safari hii sijapeleka sabuni. Treni ilikuwa imekwama Luena, nikaenda kwa lori mikono mitupu; mzigo wako uko pale kwangu, haujafunguliwa. Hii ilitangulia kufika."

Nikaichukua. Miviringo miwili, na jino lililovunjika pale pale lilipo. Nilikwenda kwa rafu nikashika kashe yangu, nikaiweka juu ya alama ile. Ikaingia kama mguu unaingia katika nyayo zake. Halafu nikanusa. Hamna harufu. Si sinda, si mafuta, hata si soda. Sabuni ya kawaida, hata mbaya, ina harufu fulani. Ile haikuwa na kitu. Shangazi Ngoie alikuwa amesimama nyuma yangu, naye akainusa, na nikaona uso wake unapoteza rangi. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta mgeni amelala sebuleni, "Kyungu, hii imepikwa na muntu hana pumuzi."

Papa Ramazani akasema astaghafirullah, akatoka.

Bibi zangu, mwizi wa kawaida ni neema. Unamfuata, unamtukana, unamvua kilemba sokoni, watu wanacheka, mnamaliza. Lakini mimi nilikuwa nimeibiwa na nani? Wiki zile sabuni ile ilianza kuonekana hata Kamina, inashuka kwa treni pamoja na samaki. Na ilikuwa inauma. Jirani yetu Odette aliniletea mtoto wake mgongo umechubuka mwekundu kama nyanya iliyomenywa, akamgeuza mbele yangu, hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mama Kyungu, nilimuogesha na ya kwako. Tazama alama yako." Povu la kipande alichokuja nacho lilikuwa bado linakauka. Wanawake wakaanza kurudisha. Waliweka vipande kizingitini kwangu bila kubisha hodi, nikifungua mlango navikuta vimepangwa viwiliwili. Hata zile zangu za kweli walirudisha. Sokoni nilisikia nyuma ya mgongo: "Usiguse, ile iko ya mapasa, mumoja anapika huku, mumoja anapika kule." Na mwingine: "Kule wapi?" Nikigeuka, wote wanatazama nyanya zao.

Nilikwenda ofisi, maana mtu alisema kuna sheria. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, kalenda ya zamani ukutani na mbuzi kafungwa uani. Shefu alikuwa kijana wa shati safi, akanipokea vizuri, akanieleza: alama inaandikishwa, inaitwa marki, unaleta mfano, Kinshasa wanaiweka katika kitabu, na tangu siku ile ni yako peke yako, anayeiga unamshitaki. Nikasema basi niandikie. "Mama, kitabu iko Kinshasa, na ndege iko ya basoda tu. Lakini tuanze. Nani anakuiga?" Nikamtazama mbuzi uani. "Sema tu jina, mama, usiogope." Nikasema, "Naogopa ni Kabange. Minyi ni Kyungu." Kijana alikuwa Muluba kama mimi. Kalamu yake ilibaki hewani. Akavuta kiti nyuma, kidogo, kwa adabu, mpaka kikagonga ukuta. "Mama," akasema, "sheria haina mulango wa pale." Akasimama, akanisindikiza mpaka barabarani, na njiani akanisalimia mara mbili, kama tunavyosalimia mapasa: mara moja uso kwangu, mara ya pili kwa ubavu wangu wa kushoto, pasipo na mtu.

Nyumbani Shangazi Ngoie alikuwa amepika bukari na samaki. Alisema maneno ambayo sijayasahau. "Unataka kushitaki tumbo ya mama yako? Yeye alikupisha ukae duniani. Sasa anataka kufanya kazi kidogo. Mwachie." Nikamuuliza, "Na mgongo wa mtoto wa Odette?" Akasema, "Kabange hajui kulaza sabuni. Nani angemufundisha?" Akasema hivyo kabisa, huku anamega tonge, kama mtu anayemtetea mtoto mgeni kazini. Na mimi, niseme ukweli, nililala na wazo lile. Kwa siku kadhaa sikupika. Nilikaa chumba cha nyuma, pipa tupu, ndege zinapita, vifuniko vinaimba, na nilihisi aibu ya mtu ambaye amekula peke yake miaka yote. Lakini watoto wangu walikuwa na njaa, na ngozi za watoto wa wengine zilikuwa zinatoka. Nikajiambia: kama ni Kabange, nikamfundishe. Kama si Kabange, nikamvue kilemba. Nikamwambia Papa Ramazani, safari ijayo tunakwenda wote.

Treni ya wakati ule, aliyepanda anajua. Watu juu ya paa, mbuzi chini ya viti, mmoja wa basoda amelalia magunia yetu amefungua mdomo. Inasimama porini bila sababu, hakuna anayeuliza. Tulifika Bukama jua likiwa limesimama utosini, mto mweupe kama bati, hakuna kivuli cha mtu chini. Papa Ramazani alisema atanunua samaki kwanza, nami nikatembea sokoni. Sabuni niliiona mapema. Msichana alikuwa anaiuza, nikamuuliza anapikia wapi, akanyoosha mdomo upande wa majiko ya samaki: "Kwa Mama Nsenga." Jina lile likanipiga. Nikafuata moshi.

Niseme mapema, ili asiwepo wa kuhangaika: sabuni ya kuunguza ilikwisha siku ile. Haikushuka tena kwa treni. Leo kashe zote mbili ziko kwangu, na kila kipande kinapigwa mbele kwa moja na nyuma kwa nyingine, anayetaka kuiga lazima aibe mbili. Mgongo wa mtoto wa Odette ulipona, sasa ni mtu wa ndevu, na Mama Nsenga aliishi kwa samaki mpaka juzi hii. Mkiniuliza ipi ni kashe yangu na ipi ni ile nyingine, sijui. Nilizitia katika gunia moja, na nilipozitoa zilikuwa sawasawa mpaka jasho la mkono.

Lakini nyumba ile. Ilikuwa ya chumba kimoja, chini karibu na mto, moshi wa samaki umeipaka weusi ndani na nje. Mlango wazi nusu. Mama Nsenga alikuwa amekaa kwa mkeka, amekonda, macho ameyaelekeza mlangoni kabla sijafika. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa sabuni. Vipande vimepangwa mpaka juu, havikuuzwa, vingine vimekuwa vya zamani, vimepasuka. Ndipo nikajua: ni fungu la Kabange. Kipande cha kwanza cha kila pipa. Alikuwa anamwekea.

"Umefika," akasema. "Nilijua utakuja. Kaa. Weye uko yupi?"

Nikamuuliza kashe alipata wapi. Akaitoa kifuani, chini ya kikwembe, akaishika kwa mikono miwili.

"Bwana yangu alichonga mbili. Muntu wa mapasa hachongewi kitu moja, weye si Muluba? Kyungu alikuja kuchukua ya kwake, akasema moja inatosha. Tuliogopa. Bwana akaniambia: hii iko ya Kabange, uchunge, usimupatie muntu mwingine, hata Kyungu mwenyewe. Akakufa. Basoda bakatufukuza, sikubeba hata sufuria, nilibeba hii. Halafu njaa. Nikaota Kabange anasema, pika, minyi sina mikono. Sasa napika. Ya kwanza naweka pale. Sijamuibia."

Akasema vile bila aibu, na nikaona ni kweli, hakuna wizi katika chumba kile. Mzee alichonga hata ule ufa mara mbili, maana mapasa lazima wafanane. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote tayari, nikayakosa pa kuyaweka. Nikamwambia sabuni inaunguza watoto. Akatikisa kichwa: "Hajanifundisha vizuri. Akija nitamuuliza." Na akaninyooshea macho tena. "Weye uko yupi?"

Bila kungoja jibu akainuka, akapakua. Alikuwa na bukari kidogo sana na samaki mmoja. Aliweka sahani mbili. Moja mbele yangu, moja kushoto kwangu, pasipo na mtu.

Mimi nimeona maisha yangu yote sahani ile ya pili. Nilijua ni ya nani. Lakini nikafahamu, nikitazama mikono ya yule mama juu ya kashe, kwamba nikisema Kyungu ataninawisha mikono, atanilisha, ataniaga, na kesho atapika tena. Ya Kyungu ilishatolewa. Hakuna ofisi, hakuna shefu, hakuna kilemba cha kuvua. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyeweza kuchukua kashe ile, na mtu huyo hana mdomo. Ana wangu.

Nikasema, "Minyi Kabange."

Ndege gani sijui ilipita juu ya mto. Mama Nsenga midomo yake ilikuwa inakwenda, sikusikia. Sauti iliporudi, alikuwa anasema, "...kula basi, Kabange. Na ile ya Kyungu tumuwekee, hakuja." Akasogeza ile sahani ya kushoto kidogo, kwa heshima, asiitazame.

Nikala. Nikala chakula cha dada yangu, nami nikiangalia changu kinapoa pembeni, inzi wanakuja, hakuna anayekigusa. Mkono wangu ulikuwa mzito na wa baridi, na samaki hakuwa na ladha. Nikamwambia, "Mama, usipike tena. Mikono nimepata." Akalia kidogo, akauliza atakula nini. Nikasema nitakuletea chumvi kwa Papa Ramazani, ukaushe samaki, yeye atanunua. Nilileta kweli, miaka yote. Akanyoosha kashe. Nikaishika upande wangu, yeye hakuachia upande wake.

Pale pale nje nikasikia Papa Ramazani, anatembea kati ya majiko, ananitafuta. "Mama Kyungu! Mama Kyungu, treni!"

Mama Nsenga akaniangalia machoni. Vidole vyake vikakaza.

"Anaita nani?"

"Dada yangu," nikasema.

"Muitikie basi, kama hayuko."

"Hapana. Ataitika mwenyewe."

Papa Ramazani akaita tena, karibu zaidi, kivuli chake kikapita kwa ufa wa mlango. Jina lile lilipita kando ya sikio langu kama la mtu wa nyumba nyingine. Tukangoja, sisi wawili, tukisikiliza kama kuna atakayeitika. Halafu Mama Nsenga akafungua vidole.